Kabla hujaongeza bamba: springi za Land Cruiser kuukuu na mzigo wake

"Bosi, hizi zimechoka," fundi aliniambia akiwa amelala chini ya pikapu yangu, akigonga springi ya nyuma kwa spana. "Tukuongezee mabamba mawili ya Canter kila upande. Utabeba mpaka ushangae."

Pikapu yenyewe ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1993, na kwenye jambo moja fundi alikuwa sahihi: springi zilikuwa hoi. Tao lake, yaani ule mpindo wake wa upinde, lilikuwa limelala kabisa, na nikipakia magunia manne tu chasisi ilikuwa inagonga mpira wa ekseli, ule unaozuia chuma kisigonge chuma, kwenye kila tuta. Jioni ileile mabamba hayo ya lori yakaingia. Gari likabinuka nyuma kama panzi anayejiandaa kuruka. Nikalipa, nikaondoka nikijisifu.

Wiki mbili baadaye nilishuka na trei 20 za mayai kutoka Kilolo kwenda Iringa mjini. Nilipofungua turubai nikakuta trei 7 za nyuma zinachuruzika. Mwezi wa tatu nikaona ufa mwembamba kwenye chasisi, pale kikono cha springi kinaposhikana nayo, umejaa vumbi jekundu kama wino kwenye mstari wa kiganja.

Sikumlaumu sana fundi. Alijibu nilichomuuliza, yaani gari libebe zaidi. Nilipaswa kumuuliza kitu kingine: gari hili linabeba kilo ngapi kila siku, na kilo ngapi mara mojamoja? Watu wengi wenye magari haya ya zamani, ya Toyota, Land Rover au Suzuki zile ndogo za mraba, hununua springi kwa kutazama urefu wa gari au unene wa chuma. Springi hununuliwa kwa kilo za mzigo. Nitaeleza kwa nini, na itabidi tuingie chini ya gari kidogo.

Neno la zamani la Kiswahili kwa springi ni kamani. Limetufikia kupitia Kihindi, na asili yake ni Kiajemi, ambako kaman ni upinde. Kwa springi za mabamba jina hilo linafaa kuliko tunavyodhani, kwa sababu springi ya mabamba ni upinde hasa. Bamba refu la juu, bamba mama, limekunjwa ncha zake mbili kuwa vitanzi. Chini yake yamepangwa mabamba mengine, kila moja fupi kuliko lililo juu yake, na yote yamebanwa katikati kwa bolti moja ndefu, senta bolti. Ekseli imefungwa katikati ya upinde huo kwa bolti nne zilizopinda kama herufi U, mbili kila springi. Kitanzi cha mwisho mmoja kimeshikwa na pini isiyosogea. Cha mwisho wa pili kimeshikwa na sheko, kijimkono kinachoning'inia na kuyumba, kwa sababu upinde ukibonyezwa unarefuka na ni lazima upate pa kwenda.

Hapo ndipo uzuri wa mfumo huu ulipo. Springi za mzunguko, zile zinazofanana na waya uliosokotwa, hubeba uzito tu. Ekseli huhitaji mikono mingine ya kuizuia isiende mbele, nyuma wala pembeni. Springi ya mabamba hufanya yote kwa mkupuo. Hubeba mzigo, hushika ekseli mahali pake, husukuma gari mbele, hupokea nguvu za breki, na msuguano wa bamba juu ya bamba huzimisha sehemu ya mtikisiko kabla haujafika kwenye shokapu. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilipata springi za mzunguko mbele mwaka 1999, lakini nyuma Toyota imeendelea na mabamba mpaka leo. Hawakusahau kuyabadilisha. Gari la kubeba mizigo mbali na gereji linahitaji kitu ambacho kikivunjika utaweza kukifunga kwa mnyororo na kipande cha mti ukafika nyumbani.

Ubaya unatoka palepale. Kwa kuwa kitu kimoja kinafanya kazi tano, ukikigusa kwa ajili ya kazi moja umezigusa na zile nne.

Ukakamavu unatoka wapi

Wengi huamini springi inakuwa ngumu kwa sababu chuma chake ni kigumu. La hasha. Vyuma vyote vya springi, viwe vya Japani, vya Australia au vya kiwanda cha jirani, hukaribiana sana katika kupinda vinapobonyezwa. Ubora wa chuma huamua kitakunjwa mara ngapi kabla hakijavunjika au kulala moja kwa moja. Kiasi cha nguvu kinachotakiwa kukikunja huamuliwa na umbo: upana, urefu, idadi ya mabamba, na kubwa kuliko yote, unene.

Unene hauhesabiki kwa kujumlisha. Bamba likiwa nene mara mbili, ukakamavu wake huwa mara nane, kwa sababu unene huzidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bamba la milimita 6 ukilizidisha hivyo unapata 216. La milimita 7 linakupa 343. Milimita moja tu, ambayo kwa macho huioni vizuri, imeongeza ukakamavu kwa karibu asilimia 60. Bamba la milimita 10 linafika 1,000.

Sasa turudi kwa pikapu yangu. Kila springi ilikuwa na mabamba 6 ya milimita 7, yaani 343 mara 6, kama 2,058. Fundi akaongeza mawili ya milimita 10: mara mbili 1,000, yaani 2,000. Hesabu hii ni ya mkato, maana mabamba hayalingani urefu, lakini inaonyesha kilichotokea. Kwa mabamba mawili tu kila upande, springi ilikuwa imekakamaa karibu maradufu. Mimi nilidhani nimeongeza theluthi.

Urefu nao una kanuni hiyohiyo, ila kinyume chake. Springi ikirefuka kwa asilimia 10 inalainika kwa takribani robo. Ndiyo maana wanaofanyia magari kazi kubwa hupenda springi ndefu: zinabeba mzigo uleule kwa ulaini zaidi.

Halafu kuna tao. Hili ndilo linalodanganya watu zaidi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nalisema taratibu. Tao hulipatia gari urefu wa kusimama. Halilipatii nguvu ya kubeba. Springi mbili zenye mabamba yaleyale, moja imepinda sana na nyingine imepinda kidogo, zitashuka milimita zilezile ukizipakia kilo zilezile. Tofauti ni kwamba moja imeanzia juu zaidi. Ukimwona mtu anapeleka springi zake kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, zikapigwe nyundo zipinde upya, amenunua urefu tu. Na mara nyingi ameununua kwa muda, kwa sababu chuma kilichochoka kikikunjwa kikiwa baridi hurudi kulala baada ya miezi michache. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa, bamba huingia tanuru, hukunjwa, huzimishwa kwenye mafuta, kisha hupashwa tena kwa joto la kadiri ili lisiwe kama kioo. Wapo mafundi wenye tanuru kama hilo. Fundi mwenye mtungi wa gesi na nyundo peke yake si mmoja wao, na akiwasha moto juu ya bamba anaondoa ule ugumu uliolifanya liwe springi. Vivyo hivyo kuchomelea: bamba lililochomelewa hukatika pembeni tu mwa mchomeleo.

Mifuko sita ya saruji

Unaweza kupima springi zako mwenyewe bila kuhitaji mashine. Mimi nilifanya hivi uani kwangu baada ya yale mayai.

Egesha gari mahali tambarare. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya kitovu cha tairi la nyuma mpaka ukingo wa bodi juu yake, upande wa kulia na wa kushoto. Andika. Kisha panga mifuko ya saruji ya kilo 50 juu ya ekseli kabisa, mbele wala nyuma yake hapana. Mimi niliweka mifuko sita, kilo 300. Tikisa gari kidogo springi zikae, pima tena.

Kwa mabamba ya lori gari lilishuka milimita 26. Nikayatoa yale mabamba, nikabaki na springi zangu za mwanzo zilizochoka, nikarudia: milimita 50. Kilo 300 kwa milimita 50 ni kilo 6 kwa kila milimita kwa springi zote mbili, au kilo 3 kwa kila springi. Kwa mabamba ya lori ilikuwa kama kilo 11 na nusu kwa zote mbili. Ile hesabu ya mkato haikuwa mbali.

Angalia jambo jingine hapo. Springi zilizochoka zilikuwa bado na ukakamavu wake karibu wote. Zilichopoteza ni tao. Tatizo langu la kugonga mpira lilikuwa la urefu kwa sehemu kubwa, nami nililitibu kwa ukakamavu, sawa na mtu mwenye njaa kupewa dawa ya kichwa.

Na kwa nini mayai yalivunjika? Chukua uzito wa nyuma wa gari tupu unaobebwa na springi, tuseme kilo 600. Kwa springi za mwanzo uzito huo umezibonyeza milimita 100. Maana yake, tairi likikuta shimo, springi inaweza kulisukuma chini milimita 100 huku bado ina nguvu ya kulikandamiza ardhini. Kwa springi za lori uzito uleule umezibonyeza kama milimita 52 tu. Shimo likiwa na kina cha milimita 70, tairi linaning'inia hewani, gari linaanguka nalo, na kinachofuata ni kishindo. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbimawimbi, kama ile ya kushuka kutoka Ngorongoro kuelekea Naabi, tairi la gari la namna hii hugusa vilele tu. Nyuma inaelea. Kwenye kona inakwenda pembeni kama punda aliyekataa njia. Kwenye matope, tairi lisilokandamizwa halishiki kitu, kwa hiyo gari la porini ulilolikakamaza ili liwe la porini zaidi ndilo linalokwama mapema.

Sasa pakia kilo 600 juu ya springi za mwanzo: zitashuka milimita 100 nyingine, na kama nafasi iliyobaki mpaka kwenye mpira ni milimita 80, umefika mwisho. Springi laini humfaa mwenye gari tupu na humtesa mwenye mzigo. Springi kakamavu ni kinyume chake. Hakuna springi inayowafaa wote wawili, ingawa watengenezaji wana ujanja mmoja wa kukaribia hapo: chini ya mabamba ya kawaida huweka moja au mawili manene, yaliyonyooka, ambayo gari likiwa tupu hayajagusana vizuri na wenzake kwenye ncha. Mzigo ukiongezeka yale ya juu hulala mpaka yakayafikia ya chini, na hapo springi hukakamaa ghafla. Magari mengi ya mizigo huja nayo kiwandani. Ukinunua springi mpya uliza kama zina ngazi hiyo ya pili, na uliza inaanza kufanya kazi kwenye kilo ngapi.

Mzigo wa kudumu

Watengenezaji wazuri wa springi za kubadilishia, hasa wa Australia ambako magari haya hupakiwa sana, huuza springi kwa kilo za mzigo wa kudumu. Wanakuuliza: ni uzito gani unakaa ndani ya gari siku zote, hata unapokwenda kanisani au msikitini? Uzito wa safari moja kwa mwezi hauhesabiwi hapo.

Fanya hesabu yako bila kujidanganya. Maji ni kilo moja kwa lita. Dizeli ni pungufu kidogo, kama kilo 84 kwa lita 100, kwa hiyo tangi la ziada la lita 90 likijaa ni kilo 75 bila chuma chake. Tairi la akiba la pili na rimu yake halipungui sana kilo 35. Kisha sanduku la vifaa, jeki kubwa, keria ya juu, hema la juu ya paa, friji. Mwongoza watalii wa Arusha aliyerefusha bodi na kuweka paa la kufunguka ana mzigo wa kudumu mkubwa hata kabla wageni sita hawajapanda. Mkulima wa Njombe anayebeba viazi siku ya soko tu ana mzigo wa kudumu karibu na sifuri, hata kama siku hiyo moja anajaza mpaka pomoni. Huyo wa pili akinunua springi za kilo 600 atateseka siku sita ili afurahie moja. Anunue springi za kawaida mpya, zenye ngazi ya pili nzuri.

Mbele usipasahau. Ngao ya chuma na winchi vinaweza kuongeza kilo 100 mbele kabisa ya ekseli, na 1HZ, injini ya dizeli ya lita 4.2 iliyomo kwenye HZJ75, nayo si nyepesi.

Kama kuna mizani ya magari karibu, kwenye ghala la mahindi au machimbo ya kokoto, omba upime ekseli moja moja: mbele peke yake, kisha nyuma. Karatasi ya vipimo hivyo ina thamani kuliko ushauri wangu wote. Ilinganishe na kibao cha gari chenye uzito wa juu unaoruhusiwa. Springi nene haziukuzi uzito huo. Beringi, ekseli, breki na chasisi vimebaki vilevile, na kama nilivyojionea, springi ikikataa kukunjwa, chasisi ndiyo itakayokunjwa.

Kuna jambo dogo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Gari zetu za usukani wa kulia huwa na uzito zaidi upande wa dereva, na seti nyingi za springi huja na ya kulia yenye tao kubwa kidogo. Wanaouza springi zilizotumika huzichanganya. Na ukinunua seti iliyopita Bujumbura, Lubumbashi au Muscat, kumbuka huko usukani uko kushoto, kwa hiyo ile yenye tao kubwa ni ya upande wa pili. Gari likiinama upande mmoja baada ya kufunga springi mpya, badilisha pande kwanza kabla hujaanza kugombana na muuzaji.

Kuhusu aina, nina maoni yangu. Kati ya springi yenye mabamba machache manene na yenye mabamba mengi membamba kwa ukakamavu uleule, nachukua ya mabamba mengi. Bamba nene likikunjwa, ngozi yake ya juu huvutwa zaidi kuliko ya bamba jembamba lililokunjwa kiasi kilekile, na ngozi ndiyo inakoanzia ufa. Napenda pia bamba la pili liwe limezunguka kitanzi cha bamba mama. Bamba mama likikatika, ekseli haiondoki.

Kwa wenye Land Rover za zamani za Series kuna springi za parabola. Mabamba yake ni mawili au matatu tu, manene katikati na membamba kwenye ncha, na hayagusani isipokuwa katikati na mwishoni. Kwa kuwa hayasuguani, gari lililokuwa linatingisha meno linakuwa gari la kistaarabu. Kwa Land Rover fupi ya kutembelea ni mabadiliko makubwa. Ila msuguano ule uliopotea ulikuwa ukisaidia shokapu, kwa hiyo shokapu nazo lazima ziwe nzuri. Na mimi kwa gari la mizigo la kwenda mbali nasita: kati ya mabamba mawili likivunjika moja, umebaki na nini?

Vinavyoburutwa na springi mpya

Ongezeko dogo la urefu wa kusimama, tuseme milimita 40 au 50, linavumilika kwenye magari mengi. Lakini kila kilichofungwa kati ya chasisi na ekseli kitavutwa. Mipira ya breki: geuza usukani mpaka mwisho, acha ekseli ining'inie, uone kama mpira umekazika kama uzi wa gitaa. Shokapu za zamani zitakuwa fupi, na zikifika mwisho kabla ya springi zitang'oka. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli, hubadilika pembe, na mlio wa kutetema kwenye mwendo wa kilomita 60 ni dalili yake.

Breki za nyuma zinataka maelezo zaidi. Land Cruiser nyingi zina vali inayopima mzigo, yenye mkono mwembamba ulioungwa kwenye ekseli. Bodi ikishuka kwa mzigo, vali huruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Gari likiwa tupu hupunguza, ili matairi ya nyuma yasigande. Sasa umeinua bodi kwa springi mpya. Vali haijui habari za springi, inaona gari tupu. Unapakia kilo 500, inaendelea kuona gari tupu, na kwenye mteremko breki za mbele zinafanya kazi peke yake mpaka zinanuka. Mkono ule hurekebishwa kwa dakika kumi. Sijawahi kukutana na gereji iliyoukumbuka bila kuambiwa.

Mbele kuna suala la usukani kujirudisha. Magari yote yana pini za usukani zilizolala nyuma kidogo kwa juu, kama uma wa mbele wa baiskeli, na mlalo huo ndio unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Wapo wanaoinua gari kwa kuweka sheko ndefu, njia rahisi kuliko zote. Sheko ikiongezwa milimita 50, gari linainuka kama nusu yake tu, 25. Na pale ambapo sheko inakaa mwisho wa mbele wa springi ya mbele, mwisho huo unashuka, ekseli inabingirika, na ule mlalo unapungua. Gari linaanza kutangatanga barabarani na dereva anachoka mikono kabla ya Mikumi. Dawa yake ni kabari nyembamba ya chuma kati ya springi na ekseli, iliyochongwa kwa mshazari wa nyuzi mbili au tatu. Matofali ya chuma ya kuinulia gari, yale yanayowekwa kati ya springi na ekseli, mbele usiweke kamwe. Nyuma yapo hata kwenye magari ya kiwandani, lakini yakizidi urefu yanaipa ekseli nyenzo ya kuikunja springi iwe kama herufi S kila unapokanyaga mafuta.

Sheko yenyewe, gari likiwa limesimama na mzigo wake wa kawaida, inatakiwa iwe imeegemea nje kidogo. Ikiwa imelala karibu na chasisi, springi haina tena pa kurefukia. Ikiwa imeegemea ndani, kuelekea ekseli, springi yako ina tao kubwa kupita gari.

Siku ya kufunga

Nilipobadilisha springi zangu mara ya pili, kwa seti mpya ya mzigo wa kudumu wa kilo 300, nilikaa gereji mwanzo mpaka mwisho. Gari lilisimamishwa kwa stendi chini ya chasisi, ekseli ikabebwa na jeki ya pembeni, na tulifanya upande mmoja kabla ya kugusa wa pili ili ekseli isihame. Mabamba hayakufunguliwa senta bolti bila kubanwa kwanza kwa jiliwa, maana yakiachiwa huruka. Kichwa cha senta bolti lazima kizame kwenye tundu lake juu ya ekseli. Kikikaa pembeni hata kidogo, gari litatembea kimshazari kama kaa, na bolti itakatika.

Bolti za U tulitumia mpya. Zile za zamani zimeshavutwa na hazibani tena kama mwanzo, na springi nyingi zinazovunjika katikati hazikuvunjwa na mzigo. Bolti za U zililegea, mabamba yakaanza kucheza juu ya senta bolti. Bushi za mpira, zile zinazokaa ndani ya vitanzi, nazo zilikuwa mpya. Pini zake tuliziingiza bila kuzikaza, tukashusha gari likae kwenye matairi, tukalitikisa, ndipo tukakaza. Ukizikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira unaganda kwenye pembe hiyo na ukishusha gari unabaki umenyongwa maisha yake yote, ambayo hayatakuwa marefu.

Kijana msaidizi alikuja na kopo la grisi apake kati ya mabamba. Nikamwambia, "Mdogo wangu, acha hiyo." Pwani, ambako chumvi huyashikamanisha mabamba kwa kutu, ningemwachia. Kwetu vumbi linaloingia kwenye grisi linageuka msasa.

Nilirudia mifuko ya saruji. Milimita 41 kwa kilo 300, na gari likisimama karibu sawasawa mbele na nyuma. Baada ya kilomita 500 nilisimama chini ya mkaratusi nje kidogo ya Ilula, nikatoa spana ya 24, nikalala chini. Nati za bolti za U, zilizokazwa na kijana mwenye mikono kama ya bondia, zilizunguka karibu robo mzunguko kila moja kabla hazijakataa.